UZI: ADAM17, mkasi mmoja unaowasha mchochota na kuuzima

Mzee wa Darubini

Wakuu, heshima kwenu.

Miaka kadhaa nyuma nilipoteza wiki nzima nikigombana na mashine. Kazi yangu ilikuwa kukagua seli nyeupe za damu kwa leza. Unachukua seli, unazitia kingamwili zilizofungwa rangi, kila kingamwili inang'ang'ania protini yake, kisha seli zinapita moja moja mbele ya mwanga. Protini mojawapo niliyokuwa naitafuta ni L-selektini, ndoano ndogo iliyo juu ya seli nyeupe, inayoisaidia kujishikiza kwenye ukuta wa mshipa na kubingirika taratibu hadi penye shida. Sampuli ya asubuhi inang'aa vizuri. Sampuli ileile mchana, giza. Nikabadilisha kichupa cha kingamwili, giza. Nikasafisha mashine, giza. Nikafika hatua ya kumnunia hadi aliyeniletea barafu.

Kumbe ndoano zilikuwepo. Zilikuwa zinaelea kwenye maji niliyokuwa namwaga kila nikiosha seli. Seli zenyewe ndizo zilizozikata, kwa sababu nilizisumbua: nilizizungusha kwa kasi mno, nikaziacha zikapoa, nikazipasha tena. Seli nyeupe ikishtuka hujinyoa ndoano hizo ndani ya dakika chache. Kinyozi anaitwa ADAM17, na tangu siku ile nimekuwa namfuatilia kama mtu anayefuatilia kesi.

Ni kimeng'enya kilichochomekwa kwenye utando wa seli, mkia ndani, kichwa nje. (Hana undugu na Adamu wa Edeni, ni kifupi tu cha jina refu.) Kichwani ana chembe ya zinki, na hapo ndipo penye makali. Anapotengenezwa huja amevaa ala, kipande cha protini kinachoziba makali yasije yakakata ovyo. Akipita kwenye Golji, sehemu ya seli inayofungasha protini, kimeng'enya kingine kiitwacho furini kinamvua ile ala. Anatoka akiwa tayari, anasimama juu ya seli, na kazi yake ni kukata protini nyingine zilizosimama jirani yake ili sehemu zake za nje ziachie na kusafiri.

Protini iliyompa umaarufu ni TNF. Hii ilipewa jina mwaka 1975 kwa sababu ilifanya uvimbe wa saratani kwenye panya uoze, lakini baadaye ikajulikana zaidi kama mpiga mbiu wa mchochota: ile hali ya sehemu ya mwili kuwa nyekundu, kupata joto, kuvimba na kuuma. TNF hutengenezwa ikiwa imeshikamana na utando, uzito wake kilodaltoni 26 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini). Mwaka 1994 watafiti walionyesha kwamba kemikali zinazobana vimeng'enya vyenye chuma huzuia TNF isiachie, na panya waliopewa sumu ya bakteria kwa kiwango cha kuua wakapona. Kwa hiyo ilijulikana kuna mkataji, na ilijulikana ana chuma. Jina lake likapatikana Februari 1997, pale makundi mawili, moja la Immunex na jingine la Glaxo Wellcome, yalipochapisha kwa pamoja kwenye jarida la Nature. Anakata kati ya asidi amino ya 76 na ya 77, na kipande cha kilodaltoni 17 kinaingia kwenye damu.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi. Mkasi huohuo unakata pia vipokezi vya TNF. Yaani anayeachia mbiu ndiye anayekata masikio ya wanaoisikia, na masikio yaliyokatwa yanaelea kwenye damu yakinasa mbiu kabla haijafika. Mmoja anawasha, na yeye ndiye anazima. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "tuzuie ADAM17, mchochota utaisha", muulize: utazuia kukatwa kwa kipi?

Karibuni.

Sina Swaga

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, swali la mwanafunzi: TNF ikiwa bado imeshikamana na seli, haijakatwa, inakuwa haina kazi?

Mzee wa Darubini

Ina kazi, tena nzito. Ikiwa imeshikamana inafanya kazi kwa kugusana: seli hii na seli ile zikikutana, basi. Kuna vipokezi viwili vya TNF. Cha kwanza kipo karibu kwenye kila seli na kinaitikia TNF iliyokatwa. Cha pili kinapatikana zaidi kwenye seli za kinga na za mishipa ya damu, na kinaitikia vizuri zaidi ile iliyoshikamana. Kabla ya mkasi, ni mazungumzo ya watu wawili ukutani. Baada ya mkasi, ni kipaza sauti cha mtaa mzima.

Mama Zuu

Naomba kuuliza bila aibu maana mimi si mtu wa maabara. Nina baridi yabisi, natumia sindano ya kuzuia TNF. Kabla hawajaanza kunipa walinipima kifua kikuu mara mbili, na mimi sikuwa hata na kikohozi. Inahusiana na haya?

Dokta wa Zamu

Dada, inahusiana moja kwa moja, na walikufanyia vizuri.

Vimelea vya kifua kikuu vinaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi. Makrofaji, seli nyeupe zinazomeza vimelea, na wenzao wanavizunguka, wanajenga kama boma, vinabaki humo. TNF ni sehemu ya udongo unaoshikilia boma hilo. Ukiiondoa, boma linalegea na vimelea vinatoka. Ndiyo maana mtu anapimwa kabla, na akikutwa navyo vimelala anapewa dawa za kuvimaliza kwanza.

Na kwa aliyeuliza kuhusu TNF iliyoshikamana: panya waliotengenezwa wawe na TNF isiyokatika bado wana kinga kiasi dhidi ya kifua kikuu. Si kamili, ila wanashinda wale wasio na TNF kabisa. Kwa binadamu, infliximab, ambayo ni kingamwili inayoshika TNF zote mbili kwa nguvu, huamsha kifua kikuu zaidi kuliko etanercept, ambayo ni kipokezi cha TNF kilichotengenezwa kiwandani. Zote mbili ziliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Na hapa kuna jambo lililowashangaza wengi: etanercept inasaidia viungo vizuri tu, lakini ilipojaribiwa kwa ugonjwa wa Crohn wa utumbo haikufua dafu, wakati infliximab ilisaidia. Dawa mbili, adui mmoja, matokeo tofauti.

Mama Zuu

Ahsante sana daktari. Hilo la boma nimelielewa kuliko maelezo yote niliyopewa.

Kichwa Kigumu

Mimi huwa nina mashaka na hizi nyuzi za "kimeng'enya kimoja nyuma ya kila ugonjwa". Tangu 1997 hadi leo ni miaka mingapi? Kama huyu ADAM17 ni muhimu hivyo, dawa yake iko wapi? Mama Zuu anachomwa sindano ya kuzuia TNF, hachomwi ya kuzuia mkasi.

Mzee wa Darubini

Kichwa Kigumu, mashaka yako ndiyo kiini cha uzi, sitakubishia.

Dawa zilitengenezwa, na nyingi zilikuwa vidonge, jambo lililowavutia sana maana kidonge ni rahisi kuliko sindano. Zilikuwa zinafanya kazi kwa kung'ang'ania ile zinki. Shida ni kwamba zinki ipo pia kwenye ukoo mzima wa vimeng'enya vinavyokarabati viungo, kano na ngozi. Marimastat, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani, ilibana wengi wa ukoo huo kwa pamoja, na wagonjwa wakaanza kupata maumivu na ukakamavu wa mabega na mikono. Vilipokuja vizuizi vilivyolenga ADAM17 kwa karibu zaidi, vingine vikaumiza ini, vingine havikuonyesha faida ya maana kwa wenye baridi yabisi. Vyote vikaishia kabatini.

Lakini hata ungepata kizuizi safi kabisa kisichogusa kingine chochote, bado ungekwama. Mwaka 1998 walitengeneza panya wasio na ADAM17 inayofanya kazi. Wengi walikufa wakati wa kuzaliwa au karibu na hapo, na walizaliwa macho wazi. Panya wa kawaida huzaliwa kope zimefumba. Kope hazikufumba kwa sababu kuna ujumbe uitwao TGF-alfa, unaoziambia seli za ngozi zikue na zisogee, nao hukatwa na mkasi huohuo. Bila mkasi ujumbe unabaki umeganda kwenye seli iliyouandika.

Na binadamu yupo mfano. Mwaka 2011 ilichapishwa habari ya ndugu wawili, kaka na dada, waliozaliwa na jeni ya ADAM17 iliyovunjika. Ungetegemea nini? Mtu asiyeweza kuachia TNF angekuwa hana mchochota, si ndiyo? Wao walipata mchochota mkali wa ngozi na wa utumbo tangu siku za kwanza za maisha, pamoja na maambukizi ya mara kwa mara.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilirudi juu kuhakikisha sijasoma kinyume. Lakini ina mantiki. Ngozi na utumbo ni ukuta, na ukuta unakarabatiwa kwa zile jumbe za ukuaji zinazokatwa na ADAM17. Ukuta ukiwa na nyufa, bakteria wanapenya, na kinga ina njia nyingine nyingi za kuwaka zisizohitaji TNF. Wanaotumia cetuximab ya saratani, inayoziba kipokezi cha jumbe hizohizo, nao wanajulikana kwa kutokwa na vipele vya ngozi. Ni mlango uleule umefungwa kwa upande wa pili.

Kichwa Kigumu

Sawa, hapo umejibu. Ila basi badilisha kichwa cha uzi. Huo si mkasi wa mchochota, ni mkasi wa kila kitu.

Mzee wa Darubini

Zaidi ya protini 80 zimeshatajwa kuwa zinakatwa naye, kwa hiyo hujakosea sana.

Sina Swaga

Mkuu, nina jirani anauza virutubisho vya zinki na amesoma huu uzi juu ya bega langu 😂 Anauliza kama kimeng'enya kinatumia zinki, basi mtu mwenye baridi yabisi aache vyakula vyenye zinki?

Dokta wa Zamu

Mwambie jirani arudi kwenye kiti chake. Mamia ya protini za mwili zinahitaji zinki, na kinga yenyewe inadhoofika mtu akiipungukiwa. Kimeng'enya kinashika chembe moja ya zinki na hakiiachii kirahisi. Ukijinyima, vitaumia vingine vingi kabla mkasi haujakosa makali.

Mtoto wa Hadubini

Naomba kuongeza upande wa IL-6 maana mzee amekaa kwenye TNF tu.

IL-6 ni saitokini, yaani protini ya ujumbe kati ya seli kama TNF, ambayo kipokezi chake kipo kwenye seli chache: za ini na baadhi ya seli nyeupe. Seli nyingine hazina, kwa hiyo IL-6 ikipita haziisikii. Sasa ADAM17 anakata kipokezi hicho, kinaelea, kinakutana na IL-6 kwenye damu, kisha wawili hao wanakwenda pamoja kushika gp130, protini iliyopo karibu kwenye kila seli ya mwili. Ghafla seli ambazo zilikuwa viziwi zinasikia. Stefan Rose-John wa Kiel, Ujerumani, na wenzake ndio walioichambua njia hii kwa miaka mingi, na hoja yao ni kwamba IL-6 ya njia ya kawaida ina faida nyingi, wakati hii ya kuazima masikio ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya madhara.

Ona tofauti na alichosema mzee. Kipokezi cha TNF kikikatwa kinanasa na kutuliza. Kipokezi cha IL-6 kikikatwa kinasambaza. Kitendo ni kilekile.

Dawa ya tocilizumab inaziba njia zote mbili. Nyingine, olamkicept, imetengenezwa kwa kutumia umbo la gp130 ili inase ule mseto wa IL-6 na kipokezi kinachoelea, ikiiacha njia ya kawaida. Jaribio la awamu ya pili lililochapishwa 2023, kwa watu wenye vidonda vya utumbo mpana, lilileta matumaini.

Mzee wa Darubini

Mtoto wa Hadubini, umenifunga bao safi. Hili lilitakiwa liwe posti ya kwanza.

Pwaguzi

Na homa ya TRAPS? Nilifundishwa kwamba ni ugonjwa wa kipokezi cha TNF kisichokatika. Kama ni kweli basi ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba kukata kunazima.

Mzee wa Darubini

Nusu kweli, na nitakuambia kwa nini nasema nusu.

Familia ya kwanza ilielezwa mwaka 1982, watu wa asili ya Ireland na Uskoti: homa za kurudiarudia, kila moja ikidumu zaidi ya wiki, maumivu ya misuli, vipele vinavyohama. Mwaka 1999 jeni ikapatikana, ni ya kipokezi cha kwanza cha TNF. Seli za baadhi ya wagonjwa ziliposhtuliwa, kipokezi hakikukatwa kama kawaida. Nadharia ikaja nzuri kabisa: masikio hayakatwi, mbiu haizimi, homa.

Baadaye wakakuta wagonjwa ambao vipokezi vyao vinakatwa bila tatizo na bado wana homa. Ikaonekana kwamba kwa mabadiliko mengi ya jeni hiyo, kipokezi kinajikunja vibaya na kukwama ndani ya seli kabla hakijafika juu, na msongamano huo wenyewe unachochea. Kwa hiyo kutokukatwa ni sehemu tu ya hadithi. Vitabu vingi vya wanafunzi bado vina ile nadharia ya kwanza peke yake, maana inachoreka vizuri ubaoni.

Nahodha Mstaafu

Vipi kuhusu korona? Nilisikia ADAM17 anakata ACE2, mlango wa kirusi. Si jambo jema hilo? Mlango ukiondolewa kirusi kinaingilia wapi?

Dokta wa Zamu

Nahodha, ingekuwa hivyo tungelala usingizi. Anaikata kweli, na ACE2 inayoelea inaweza kunasa virusi kadhaa. Lakini ACE2 haikuumbwa iwe mlango wa kirusi. Kazi yake ni kuivunja angiotensini II, homoni inayobana mishipa na kuchochea mchochota, kuwa kitu kipole. Ukiiondoa kwenye tishu, angiotensini II inabaki inatamba. Na ikishika kipokezi chake, inamwamsha ADAM17, anayekata ACE2 nyingine. Ni mduara.

Kwenye figo mduara huo umeonekana kwa panya: angiotensini II inamwamsha mkasi, mkasi unaachia TGF-alfa, na figo inajaa kovu. Panya waliokosa TGF-alfa, au waliozuiwa ADAM17, figo zao zilidhurika kidogo kuliko wenzao.

Kichwa Kigumu

Narudi kwenye swali langu la awali. Mkasi hauzuiliki bila kuumiza. Basi mnatafiti nini sasa?

Mtoto wa Hadubini

Mkono unaoushika.

Mwaka 2012 makundi mawili yalichapisha kwenye Science kwamba ADAM17 hawezi kufika juu ya seli bila kusindikizwa na protini iitwayo iRhom. Cha kuchekesha, iRhom ni za ukoo wa vimeng'enya vinavyokata, ila zenyewe zimepoteza makali. Mkasi butu unaomsindikiza mkasi mkali. Zipo mbili. iRhom1 iko kwenye tishu nyingi, na iRhom2 ndiyo inayotegemewa na seli za kinga. Na hazimsindikizi tu. Seli ya kinga ikigusa kipande cha bakteria, mkia wa iRhom2 ulio ndani ya seli unabandikwa fosfeti, mshiko unalegea, na hapo mkasi unakata.

Panya wasio na iRhom2 wanazaliwa, wanakua, kope ziko sawa. Ukiwapa sumu ya bakteria, TNF haimwagiki kwenye damu. Unaona uzuri wake? Umezuia mkasi kwenye seli za kinga tu, na ukuta wa ngozi unaendelea kukarabatiwa kwa iRhom1.

Kichwa Kigumu

Na ubaya wake?

Mtoto wa Hadubini

Panya haohao wakipewa bakteria wa Listeria wanashindwa kujitetea. Na binadamu wenye iRhom2 iliyopitiliza utendaji wapo: familia chache zenye ngozi nene ya viganja na nyayo, na hatari kubwa sana ya saratani ya umio. Kwa hiyo kitasa hicho kinaguswa kwa adabu.

Mzee wa Darubini

Niongeze moja wanalopenda watu wa saratani. Seli za NK, wauaji wa asili, wana kipokezi CD16 kinachoshika mkia wa kingamwili iliyokwisha kuishika seli ya saratani. Wakishtuka, ADAM17 anakikata, nao wanabaki bila mshiko katikati ya pambano. Watafiti walibadilisha asidi amino moja tu, serini ya nafasi ya 197 ikawa prolini, na CD16 ikawa haikatiki. Hawakuugusa mkasi, waliimarisha uzi mmoja tu. Mimi binafsi, kati ya njia zote zilizotajwa humu, hii ndiyo inayonishawishi, japo inahitaji utengeneze seli maabara kwanza, si kidonge cha kumeza na maji.

Mama Zuu

Kwa hiyo mimi niendelee na sindano yangu tu?

Dokta wa Zamu

Endelea dada, na ukipata homa isiyoeleweka, jasho la usiku au kikohozi kisichoisha, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda.

Kijana wa Benchi

Wakuu samahani kwa kuchelewa, nimesoma uzi wote kwa sababu ya posti ya kwanza. Nina tatizo lilelile wiki hii. L-selektini haionekani kabisa kwenye limfosaiti zangu, aina mojawapo ya seli nyeupe. Nimeshaagiza kingamwili mpya, inakuja wiki ijayo.

Mzee wa Darubini

Seli zako ni za siku hiyohiyo au ziligandishwa?

Kijana wa Benchi

Ziligandishwa, mzee.

Mzee wa Darubini

Futa oda. Kugandisha na kuyeyusha peke yake kunatosha kuzinyoa. Tafuta damu ya siku hiyohiyo, fanya kazi kwenye barafu, na sampuli moja uitie kizuizi cha vimeng'enya vyenye chuma, nyingine usiitie. Kisha yale maji ya kuoshea usiyamwage, yapime.